Mji Mtukufu Si Ngawira

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Ndugu zangu, nyumba ya ibada ikishikwa na adui, sote twajua kulia. Lakini ya adui ikishikwa na sisi, je, twajua kuihifadhi? Suala hili tutalipima kwa mzani wa Baitul Mukaddas.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa uliazimia mji ule usiwe wa Waarabu wala wa Mayahudi, bali uwekwe chini ya usimamizi wa mataifa. Azimio hilo halikutimia. Waingereza walipoondoka Mei 1948, mji ulipiganiwa mtaa kwa mtaa hata ukakatika pande mbili: magharibi ikashikwa na Mayahudi, na mji wa kale ukashikwa na jeshi la Jordan. Waarabu wa Katamon na Talbiya walipoteza majumba yao, wasirejeshewe. Mayahudi wa mji wa kale nao walitolewa, na sinagogi lao kubwa, Hurva, likavunjwa kwa baruti. Mapatano ya 1949 yalitaja njia ya kuzuru mahali patakatifu, wala njia hiyo Mayahudi hawakufunguliwa. Na mawe ya makaburi yao katika Mlima wa Mizeituni yakachukuliwa kujengea.

Juni 1967 mambo yaligeuka. Israeli iliutwaa mji wote, na mtaa wa Maghariba, ambao ulikuwa wakfu wa al-Afdal mwana wa Salahuddin, ukabomolewa ili kupatikane uwanja mbele ya ukuta wanaousalia Mayahudi.

Je, tuulilie wakfu ule, na sinagogi lile tulifurahie?

Atasema msemaji: Wao ndio walioanza. Jawabu yake ni kwamba dhulma haiwi haki kwa kutanguliwa na dhulma nyingine. Katika Suratil Maida tumekatazwa chuki ya watu isituondoe katika uadilifu. Na katika Suratil Hajj zimetajwa nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti. Tena imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar, alipoupokea mji ule, alikataa kusali ndani ya Kanisa la Ufufuo, asije Mwislamu baada yake akalinyang'anya kwa hoja ya kuwa Umar alisali humo. Itazameni hekima hiyo! Hakuiogopa nafsi yake, alituogopa sisi.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya Sham peke yake. Huku kwetu Ruvuma, kabla ya Vita vya Majimaji, padri wa Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa wa Wangoni. Kwake yeye alikuwa akiondoa upotofu. Mwaka 1905 misheni ya Peramiho nayo ikachomwa. Februari 1906 Wadachi wakamnyonga Mputa mjini Songea pamoja na wakubwa wengi wa Kingoni. Sisi hatuyaamini mahoka, wala hatusemi kuwa itikadi zote ni sawa. Twasema tu kwamba moto haujapata kumfundisha mtu tauhidi; hufundisha kuchoma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Basi aliyetolewa nyumbani kwake na aidai haki yake, wala hapana ruhusa ya kumnyamazisha. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kuihesabu nyumba ya ibada kuwa ngawira ni jambo jingine. Mji mtukufu ni amana. Aushikaye leo ataulizwa juu ya kila aliyefungiwa mlango wake, awe wa dini yake au si wa dini yake.

Tunapoinua mikono kuiombea Al-Aqsa, kila mtu na ajiulize: lau ufunguo wa mji ule ungetiwa mkononi mwangu usiku huu, asiyekuwa wa dini yangu angelala kwa amani? Asiyeweza kuitika naam, na aiombee kwanza nafsi yake.

Wabillahi ttawfiq.