Mbona Hukusema Mapema?

Majuzi, kwenye kikao cha familia huko Kiminini, barabara ya Kitale kwenda Webuye, mke wa binamu yangu alisema amechoka. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe mkononi. Amechoka kumuuguza mama mkwe peke yake, akasema, na anaomba wifi zake wapokezane naye. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, miaka yote hiyo, mbona hukusema mapema?" Watu wakaitikia kwa vichwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mahindi.

Kusema yaliyo moyoni ni kutaja unachohisi na unachohitaji bila kumtukana mtu. Hapo sina ubishi. Wanaosema kimya kimeokoa nyumba nyingi nao wana haki yao.

Lakini lile swali linanichoma. Ni hukumu iliyovaa nguo za swali. Linadai kwamba njia ilikuwa wazi siku zote, ila yeye kwa hiari yake akafunga mdomo. Njia ipi? Alipoolewa alifundwa asiwajibu wakwe. Aliponuna akaitwa mwenye kiburi. Alipolia akaambiwa ndoa ni kuvumilia. Alipomdokezea mumewe, akaonywa asilete maneno. Kumbe alisema, tena mara nyingi, kwa njia chache alizoachiwa. Na hata angesema waziwazi, lini? Mwaka wa kwanza angeambiwa bado mgeni. Wa tano, kwamba wenzake wanavumilia. Leo, kwamba amechelewa. Mzee anitajie huo mwaka uliokuwa wake. Hawezi, kwa sababu swali hilo kazi yake ni moja: deni la waliokataa kusikia anatwikwa aliyeumia.

Wanaume nao wana yao. Huku Bungoma, Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu husimama mbele ya kisu cha tohara, amepakwa tope la mtoni, asipepese jicho. Ujasiri huo nauheshimu. Ila akishauonyesha, nani humfundisha kusema "naumia" akiwa na miaka arobaini?

Na hata anayesema waziwazi huweza kulipia. Namkumbuka Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliwaambia Waingereza waondoke; mwaka 1945 wakamfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na 1948 wakampeleka uhamishoni Lamu. Hata Kenya huru ilimfunga. Lakini hapa hapa kwetu, mzee wa kumuse, hotuba ya jadi ya msibani, husimama baada ya mazishi, akatembea huku na huko akikemea familia na viongozi, na hakuna anayemkata kauli. Yeye amepewa uwanja. Nimejiuliza mara nyingi kama mwanamke mwenye sinia angesikika lau angepewa uwanja kama huo, au kama wangemsikiliza kwa adabu kisha wakarudia mahindi yao.

Wifi zake hawajaja. Akinyamaza, watasema yamekwisha. Akirudia, watasema ana maneno mengi. Naamini ilimpasa kusema, lakini akiniuliza leo kama aseme tena, sina jibu la kumpa.