Mwenye Mali Anapogoma

Mwaka 1974, katika kiwanda cha Ulgor mjini Mondragón, kaskazini mwa Hispania, mamia ya wafanyakazi walisimamisha kazi na kugoma. Kama kiwanda kingekuwa cha tajiri fulani, pasingekuwa na la kushangaza. Lakini Ulgor kilikuwa chao wenyewe. Kilianzishwa mwaka 1956 na vijana watano waliofundishwa na padri José María Arizmendiarrieta, kikaja kuendeshwa kwa kanuni kwamba afanyaye kazi ni mwanachama, ameweka mtaji wake humo, na ana kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Mkutano mkuu ulichagua halmashauri, na halmashauri iliteua meneja. Je, mtu anaweza kujigomea mwenyewe?

Jibu la uongozi lilikuwa kwamba hawezi. Katiba ya ushirika ilikataza mgomo wa mambo ya ndani, basi vinara wa mgomo wakafukuzwa, na mkutano mkuu ukaunga mkono uamuzi huo. Hoja yao si nyepesi. Tangu mwanafalsafa Rousseau tumezoea kuamini kuwa anayetii sheria aliyoshiriki kuitunga hatawaliwi na mtu. Ukipiga kura, umekubali mapema kushindwa. Ukigoma baada ya kushindwa, unawanyang'anya wenzako haki ileile uliyoitumia wewe.

Hata hivyo siridhiki nayo, kwa sababu inahesabu kura na kusahau siku za kazi. Mwanachama anakuwa mwenye mali pale anapoketi kwenye mkutano mkuu. Mkutano ukiisha anarudi kwenye zamu, kwa msimamizi anayemwambia afanye nini, kwa kasi gani, mpaka saa ngapi. Ugomvi wa 1974 ulizuka huko: mfumo mpya wa kupima kazi na kuzipanga madaraja, ambao ndio ulioamua malipo ya kila mmoja. Pengo la mishahara Ulgor lilikuwa dogo sana, wa juu akipata takriban mara tatu ya wa chini. Kwa hiyo sidhani kwamba fedha peke yake iliwatoa watu nje. Naona kilichowauma ni kupimwa na wenzao bila sauti yao kuwa na uzito. Baraza la kuwasemea wafanyakazi lilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kushauri. Na kiwanda kilikuwa kimekua hadi kuwa na maelfu ya watu, wengi wao hawajuani hata kwa sura.

Tanzania tuliwahi kulijua jambo hili. Waraka wa Rais wa 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, nayo pia yakawa ya ushauri. Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulipotoka mwaka 1971 na kukemea ubwana wa viongozi, wafanyakazi viwandani waliushika kwa mikono miwili na migomo ikafuatana. Kuambiwa kwamba viwanda ni mali ya umma hakukuwatosha. Walitaka kuheshimiwa palepale kazini.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia kwamba umiliki huzaa moyo wa kazi. Aliyefungia akiba yake ndani ya kiwanda ataamka mapema na kuchunga mashine hata kama hapapendi mahali hapo, kwa kuwa kuondoka kutamgharimu. Meneja akimtazama ataona bidii, asijue imetoka wapi. Sharryn Kasmir, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilinganisha wafanyakazi wa ushirika na wa kampuni binafsi katika mji huohuo, na katika kitabu chake cha 1996 akaeleza kuwa wafanyakazi wa mikono wa ushirika hawakukiona kiwanda kuwa chao kama wengi wetu tunavyodhani.

Kujituma kwa hiari kunahitaji mtu aweze kupinga akiwa kazini, asikilizwe, abaki mwenzetu. Waliogoma Ulgor hawakukimbia. Walibishana na kiwanda chao kwa njia ya mwisho waliyoiona imebaki. Mtu asiyejali angetafuta kazi kwingine. Miaka michache baadaye mkutano mkuu ulikubali waliofukuzwa warejee, na naamini hapo ndipo ulipotenda haki. Anayeandika katiba ya ushirika wa wafanyakazi leo, aweke humo haki ya kugoma.