Nafasi Ile Ina Mwenyewe

Mwanangu, kaa kwanza. Hilo kabati la seva, ninyi mnaliita raki, halitakimbia. Hii ni mara ya tatu nakuita kwa jambo lilelile, na goti langu halipendi ngazi tena.

Umeingia chumba cha umeme, ukaona mbele ya bodi kuu pako wazi, ukasema hapa panafaa. Pako wazi, lakini pana mwenyewe. Mwenyewe ni fundi atakayeitwa saa nane usiku jengo zima likiwa giza. Atataka mlango wa bodi ufunguke wote, achuchumae, asimame na, Mungu apishe mbali, aruke nyuma.

Huko nyuma ndiko ulikoweka kabati. Ni chuma, tena umelifunga waya wa ethi, na hapo hukukosea. Sasa fikiri: mkono wake uguse waya wenye volti 230 huku mgongo umeegemea chuma kile, umeme utapita wapi? Kifuani. Ukuta wa zege nao ni vilevile. Ndiyo maana Wamarekani, katika kifungu 110.26 cha kanuni zao za umeme, hawaulizi volti tu, huuliza na mgongoni kwako kuna nini. Kwa volti kama zetu, na chuma chenye ethi upande wa pili, wanataka mita 1.07. Waingereza, ambao kanuni zao ndizo zilizotulea mafundi wengi wa huku, wanashuka hadi milimita 700 kwa njia ya chumba kinachoingiwa na mafundi peke yao. Wewe umeacha sentimita 45, na mlango wa kabati umefungwa. Ukifunguliwa je?

Nami nilikubali kufanya kazi mahali kama hapo zamani, katika kiwanda kimoja. Nilisimama kiubavuubavu, kwa kuwa nyuma yangu walipanga maboksi ya karatasi. Spana ikaniponyoka, ikalala juu ya pau mbili za shaba. Moto sikuuona, niliona weupe tu. Joto la shoti ya namna ile hupita la uso wa jua. Nikarudi nyuma, nikakuta maboksi. Kovu hili unaliona kila unaponipa mkono, hujauliza hata siku moja.

Unasema ni kwa muda tu. Nimezeeka nikilisikia neno hilo! Leo kabati, kesho betri, keshokutwa ndoo na fagio, maana penye kitu kimoja kila mtu hujua ni stoo.

Halafu joto. Kabati lako linatema hewa ya moto usoni mwa bodi. Breka ndogo hizi zimepimwa kwa digrii 30, na Dar es Salaam ya Februari unaijua. Zitaanza kukata mapema, mjuaji mmoja aje azibadilishe aweke kubwa zaidi. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Ule mstari wa njano sakafuni niliuchora kwa mkono wangu. Kabati lako limeukalia. Haya, kamwite mlinzi aje atusaidie kusukuma. Mimi nitashika upande wenye magurudumu.