Kinanda Kilichotengenezwa Mara Nyingi, Je, Bado Ni Kile Kile?



Safari hii tumeona tuandike juu ya swali tulilopewa na vijana wa kwaya. Walisikia kwamba huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wanaotafuta vinanda vya umeme vya miaka ya 1970, vizito, vinavyoharibika kila mara, nao huvinunua kwa bei kuliko kinanda kipya. Wakauliza: watu hao wana nini? Kwanza tulicheka. Baadaye tukaona kwamba ndani ya swali hilo kuna maswali mawili makubwa. La kwanza: kwa nini mtu apende kitu kinachomsumbua? La pili: kitu kilichobadilishwa viungo kimoja kimoja mpaka vile vya kwanza vikaisha, je, ni kitu kile kile? Hili la pili si la matajiri tu. Kila nyumba yenye redio iliyofunguliwa na fundi mara nne inalijua.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengi wetu huita kila kinanda cha umeme "kibodi", lakini hapa tunasema juu ya sintesaiza ya analogi. Kinanda cha siku hizi kwa kawaida kinatunza sauti ndani yake kwa namba, kama simu inavyotunza wimbo. Sintesaiza ya analogi haina sauti yoyote iliyowekwa akiba. Ndani yake mna saketi inayoitwa osileta, ambayo hufanya umeme utikisike. Ukitikisika mara 440 kwa sekunde moja, spika itatoa ile noti ya La ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha vyombo vyao. Kisha umeme huo hupita katika kichujio kinachopunguza ukali wa sauti, na katika saketi nyingine inayoamua kama sauti itaanza kwa kishindo au itaingia taratibu. Mambo haya yote hutawaliwa na volti. Ukibonyeza kibao umepeleka volti, ukizungusha kifundo umebadili volti.

Mwaka 1964 Mmarekani Robert Moog, akishirikiana na mtunzi wa muziki Herbert Deutsch, alitengeneza sintesaiza ya kwanza ya namna hii. Ilikuwa na masanduku mengi yaliyounganishwa kwa nyaya. Karakana yake ilikuwa katika mji mdogo wa Trumansburg, jimbo la New York. Mwaka 1968 ikatoka sahani ya muziki ya Wendy Carlos iliyoitwa Switched-On Bach, nyimbo za Johann Sebastian Bach, yule mpiga kinanda wa kanisa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1750, zikipigwa zote kwa mashine ya Moog. Mashine hiyo ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati. Kwa hiyo kila mstari wa muziki ulirekodiwa peke yake, mmoja juu ya mwingine. Zaidi ya hapo, sauti ilikuwa inahama, na kila mara ilibidi kazi isimame ili irudishwe mahali pake. Hebu fikirini, wanakwaya, kuimba wimbo wenye sauti nne mkiwa na mwimbaji mmoja, naye kila baada ya mistari michache anapanda juu kidogo bila kujua!

Sababu ya kuhama ni joto. Transista zilizo ndani ya osileta hubadili tabia kadiri zinavyopata joto. Ndiyo maana wenye vinanda hivyo huviwasha mapema na kungoja kabla ya kupiga. Mwaka 1970 Moog alitoa kinanda kidogo cha kubebeka, Minimoog, chenye osileta tatu na vibao 44, kwa bei ya kama dola 1,500. Nacho kilitoa noti moja kwa wakati. Vilitengenezwa kama 12,000, na kazi hiyo ikasimama mwaka 1981. Mwaka 1978 Dave Smith wa California akaleta Prophet-5, iliyoweza kutoa noti tano kwa pamoja na kukumbuka sauti ambazo mpigaji alizipanga.

Halafu mwaka 1983 Yamaha ya Japani ikatoa DX7, kinanda cha dijitali kinachokokotoa sauti kwa namba. Hakikuhama hata kwenye joto, kilikuwa chepesi, kilitoa noti 16 pamoja. Watu walikikimbilia. Vile vya zamani vikauzwa kwa bei ya chini sana, vingine vikaachwa stoo. Basi aliyehukumu siku ile angesema habari ya analogi imekwisha, na angekuwa na sababu za kutosha.

Haikuisha. Tunaamini sababu yake inaeleweka vizuri zaidi na watu wa kwaya kuliko na watu wa duka. Chukueni waimbaji thelathini waimbe noti moja. Hakuna wawili walio sawasawa kabisa. Mmoja yuko juu kwa unywele, mwingine chini kwa unywele. Mawimbi yao yanakutana na kuachana, na katika kukutana huko ndipo inapozaliwa ile sauti nene inayojaza kanisa. Mkichukua mwimbaji mmoja na kumwongeza nguvu mara thelathini kwa spika, mtapata kelele kubwa, lakini kwaya hamtaipata. Osileta tatu za Minimoog hufanya kazi kama waimbaji watatu. Zinakubaliana, lakini si kabisa, na namna ya kutokubaliana inabadilika kidogo kila wakati. Sikio linapenda hivyo.

Hapo tunatofautiana na wale wanaosema kwamba watu wanapenda vinanda hivi kwa sababu ya kasoro zao. Maneno hayo yanavutia, lakini hayatoshi. Hakuna anayependa kinanda kilichotoka nje ya noti katikati ya wimbo. Moog na wenzake walihangaika miaka mingi kuzuia kule kuhama. Hawakukuona kuwa ni uzuri. Kinachopendwa ni mtikisiko mdogo ulio ndani ya mpaka, nao unabaki mdogo kwa sababu kuna mtu anayeulinda. Ukiacha kulinda, mtikisiko huo huo unakuwa uharibifu. Uzuri wa chombo hiki na kazi ya fundi haviachani.

Kuna jambo jingine dogo. Juu ya Minimoog, karibu kila kifundo kina kazi moja na kazi hiyo inaonekana. Hakuna ukurasa uliofichwa nyuma ya kioo kidogo. Mtoto anaweza kuzungusha na kusikia mara moja alichofanya.

Sasa matunzo yenyewe, maana hapa ndipo upendo unapolipiwa. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, hukauka maji yake baada ya miaka. Mahali pa kugusana umeme hupata kutu na uchafu, sauti ikakatika. Kinanda cha Korg Polysix cha mwaka 1981 kina betri ndogo ya kutunza kumbukumbu. Betri hiyo huvuja, na maji yake hula njia za shaba kwenye bodi mpaka chombo kinakuwa bubu. Ninyi mliosahau betri ndani ya tochi kwa miezi mnajua kazi ya maji hayo. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 ina ugonjwa wake: chipu zinazotoa sauti zilifunikwa kwa gundi ngumu, na miaka ilivyopita sauti moja moja zikaanza kukwaruza au kufa. Mafundi waligundua kwamba chipu nyingi hufufuka ukiziloweka katika asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mpaka gundi itoke. Fikirini uvumilivu wa mtu wa kwanza kujaribu hivyo kwa chipu ambayo haikutengenezwa tena! Yamaha CS-80 ya mwaka 1977 ina uzito wa kama kilo 100, na kuilinganisha sauti zake ni kazi ya kutoa jasho. Ndicho kinanda alichokitumia Vangelis katika muziki wa filamu Chariots of Fire ya mwaka 1981, inayosimulia habari za Eric Liddell, aliyekataa kukimbia siku ya Jumapili kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924, na ambaye baadaye alikufa kambini huko China mwaka 1945 akiwa mmisionari.

Wala msidhani dijitali haizeeki. DX7 nayo ina betri ndani. Ikiisha, sauti zote alizozipanga mwenyewe zinapotea.

Turudi kwenye swali la pili. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaeleza kwamba Waathene walitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka nyingine, mpaka wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile. Kijijini swali hili tulilijua kwa jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tatu, chuma mara mbili, na bado tunaliita jembe la babu.

Sisi tunaona hivi. Kubadili kapasita iliyokauka kwa kapasita ya aina ile ile hakugusi kinanda ni nini. Kapasita iliwekwa pale ifanye kazi fulani, na anayeibadili anairudisha kazi hiyo. Chipu za Curtis, zilizotumika katika Prophet-5 za toleo la tatu, ziliacha kutengenezwa kwa miaka mingi, kisha aina mojawapo ikaanza kutengenezwa upya mwaka 2016. Kinanda kilichowekewa chipu mpya ya namna hiyo tutakiita kile kile bila kusita. Lakini mtu akitoa vyote vya ndani, akaweka kompyuta ndogo inayoigiza sauti, akaacha ganda la nje na jina, hapo tutasema amejenga nyumba nyingine nyuma ya mlango wa zamani. Huenda nyumba hiyo ni nzuri! Hatusemi ni mbaya. Kompyuta za leo zinaigiza vizuri kiasi kwamba wengi wetu tusingetambua ndani ya wimbo. Ubaya unaanza pale anapokiuza akisema ni cha mwaka 1978 na kunyamaza juu ya mengine. Fundi mwema humwambia mnunuzi: hiki nimebadili, hiki nimeacha, hiki kitakufa karibuni.

Kati ya hali hizo mbili pako mahali pagumu, na hatutajifanya kuwa tuna mstari ulionyooka. Ila tunashuku wale wanaotafuta usafi mno, wanaokataa hata skrubu mpya. Mara nyingi watu wa namna hiyo hawapigi kinanda. Wananunua, wanafunika, wanangoja bei ipande. Bei ya Minimoog ya zamani sasa ni maelfu mengi ya dola, na fedha ya namna hiyo huvuta watu wasiojua hata Do iko wapi. Mnamkumbuka yule mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini. Tofauti ni kwamba talanta ilitoka udongoni kama ilivyoingia, na kinanda hakitoki hivyo. Vifundo visivyozungushwa hushika uchafu, na ugonjwa wa kinanda kisichowashwa hauna wa kuusikia mpaka umeenea.

Huko Calgary, Kanada, kuna nyumba ya makumbusho ya muziki, National Music Centre, inayokwenda njia nyingine. Wana sintesaiza kubwa sana iitwayo TONTO, iliyojengwa na Malcolm Cecil na Robert Margouleff, ambayo Stevie Wonder aliitumia katika sahani zake za mwanzo wa miaka ya 1970. Waliinunua mwaka 2013, wakatumia miaka kuitengeneza, na ilipofika 2018 ilikuwa inapiga tena. Wanamuziki huruhusiwa kuitumia. Bila shaka matumizi yanaichosha. Wamekubali hivyo, na tunadhani wamefanya haki.

Labda mtu atasema: hayo ni ya wenye makumbusho na karakana, je, aliyeondoka na mikono mitupu? Kuna Mhabeshi mmoja, Hailu Mergia, mpiga kinanda wa bendi ya Walias ya Addis Ababa. Mwaka 1981 bendi ilikwenda Marekani kupiga muziki, na baadhi yao hawakurudi. Mwaka 1985 alirekodi huko kaseti ya nyimbo za kwao, peke yake, kwa akodioni, piano ya umeme, sintesaiza ya Moog na ile DX7. Analogi na dijitali, mpya na ya zamani, alizipanga pamoja bila ugomvi. Baadaye akawa dereva wa teksi mjini Washington kwa miaka mingi. Aliweka kibodi ndogo ya betri kwenye buti la gari, na akiwa anangoja abiria uwanja wa ndege alikuwa anaitoa, anakaa nayo na kufanya mazoezi. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya baada ya nakala yake kupatikana Ethiopia, watu wakamtafuta, akarudi jukwaani. Vidole vilikuwa tayari.