Eliya Alipewa Mkate Kwanza



Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli. Anasikia kwamba Yezebeli anatafuta roho yake, anakimbia jangwani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Huyu ni nabii, mtu wa maombi, na roho yake imechoka kabisa. Mungu alifanya nini? Hakumwambia kwamba ana pepo. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Swali lilikuja nyuma, huko Horebu, na Eliya akapata nafasi ya kusema uchungu wake wote.

Sasa tuseme juu ya watoto wetu hapa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hata serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mtoto mmoja wa kanisa letu, wa miaka tisa, alirudi kutoka Sake kama mtu mwingine. Alikojoa kitandani. Darasani hakuandika, alitazama mlango tu; lori likipita, alikuwa tayari chini ya dawati. Nyumbani mjomba akasema: huyu ni mchawi. Wakamleta kwenye kikundi cha maombi, akafungishwa siku mbili bila kula.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa katika kikundi kile. Sikusema "mchawi". Lakini sikusema "hapana" pia, na hilo linaniuma hata leo. Eliya alipewa mkate. Sisi tulimnyima mtoto mkate kwa jina la Mungu wa Eliya. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Aibu kwetu kwamba serikali ndiyo iliyotufundisha jambo hilo.

Aliyemsaidia ni mwalimu wake. Tangu 2019, masomo ya msingi yalipofanywa bure katika shule za serikali, madarasa yamejaa sana, na mwalimu yule si daktari. Lakini alijua mtoto alikuwa namna gani kabla ya volkano. Alihamisha dawati lake karibu na mlango, apate kuona njia ya kutokea. Akampa kazi ya kugonga kengele, ile ringi ya gari iliyotundikwa mtini, basi kelele ya kwanza ya asubuhi ikawa ya mkono wake mwenyewe. Wakati wa mapumziko alimwuliza tu: "Usiku umelala?" Wiki nyingi zilipita hivyo. Halafu siku moja mtoto akaanza kusimulia moto alioona.

Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 18. Ndiyo miaka ya shule! Mzazi, mtoto akibadilika ghafula, akiacha kucheza, akiogopa usingizi, nenda umwambie mwalimu. Mwalimu, weka fimbo chini, usimwite mjinga. Na kijana akisema anataka kufa, msingoje mkesha wa Ijumaa. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Maombi hayakatazi dawa. Tutawasindikiza na kuomba njiani.

Nilikwenda kwao kumwomba yule mtoto msamaha. Alinyamaza, kisha akaniletea kiti. Sasa ni kijana, anapiga ngoma pamoja na wenzake kanisani.

Lakini tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, wako wengine wengi walionyamaza. Jumapili hii, kisha ibada, walimu wote wabaki mbele, na mama wenye watoto wa namna hiyo wabaki pamoja nao. Tutawataja mmoja mmoja, kwa darasa lake. Wamama wa jikoni watapika uji, watoto wale kwanza.

Amina.