Furaha ya Mwalimu wa Darasa la Awali

Furaha ya mwalimu aliye kati ya watoto wadogo darasani si sawa na raha. Raha hutaka utulivu, na darasa la awali halina utulivu: huyu kapoteza penseli, yule analia, mwingine anamvuta mwalimu shati amwoneshe alichochora. Hata hivyo, wapo walimu wanaotoka humo wakiwa hoi kwa uchovu na nyuso zao zimechangamka. Furaha hiyo hutoka wapi, na je, ni halali kuitafuta?

Kata ya Ziba, wilayani Igunga, mkoa wa Tabora, inasaidia kulitazama swali la kwanza. Watoto wengi wa upande huo hulelewa kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Asubuhi nyumbani husalimu "Mwangaluka". Shuleni hujifunza kusema "Shikamoo, mwalimu" kwa Kiswahili, lugha iliyosambaa Unyamwezini karne ya 19 pamoja na misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Kwa mwalimu salamu hiyo ni mazoea ya kila siku. Kwa mtoto ni mlango mpya. Na mtoto anapohesabu vizibo vya soda hadi kumi kwa mara ya kwanza bila kuruka, mwalimu naye huisikia kumi kana kwamba hajawahi kuisikia.

Agostino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alilieleza jambo hili mnamo mwaka 400. Alikuwa akimjibu Deogratias, shemasi wa Carthage, aliyechoka kurudia mafundisho yale yale kwa wanaoanza. Agostino alimkumbusha habari ya mwenyeji anayemtembeza rafiki mahali ambapo yeye mwenyewe hupita kila siku bila kupatazama: rafiki akishangaa, mwenyeji naye hupaona upya. Kadiri upendo ulivyo mkubwa, ndivyo upya huo unavyozidi. Kwa hiyo chemchemi ya furaha ni upendo. Wepesi wa kazi haumo.

Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliweka msingi unaokaribiana na huo: wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kuwahurumia wanafunzi na kuwachukulia kama wanawe.

Kutoka hapo jibu la swali la pili, kama ni halali kuitafuta furaha hiyo, hupatikana. Mwalimu anayeitafuta furaha kwanza huwaelekea watoto wachangamfu, maana hao huitoa upesi, na mtoto mkimya wa nyuma husahaulika. Anayeutafuta kwanza ustawi wa kila mtoto huifikia furaha njiani, hata kwa yule mkimya, siku anapofungua kinywa.

Furaha hii ina ukomo wake pia. Mwalimu huushika mkono wa mtoto ili aandike herufi "a", kisha huuachia. Herufi ya kwanza iliyoandikwa bila msaada, hata ikiwa imepinda, huonesha kwamba mtoto ameanza kutomhitaji. Mwalimu anayeifurahia herufi hiyo amempenda mtoto kwa ajili ya mtoto mwenyewe.