Nani Kaiharibu?

Kompyuta ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa ya mezani, ya mtumba, na ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Baba aliinunua mwaka 2009, nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, ili niandike ripoti yangu bila kulipia intaneti kafe kwa saa. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Yeye aliitaka kwa jambo moja tu: gemu ya mpira aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi.

Miezi kama minne mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaanza kujizima. Unaandika, ghafla skrini inageuka bluu, maandishi meupe yanajaa, inajiwasha upya. Siku nyingine ukibonyeza kitufe feni zinazunguka na taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Unazima, unangoja, unajaribu tena. Mara ya tatu au ya nne inakubali.

Nilianza kuchunguza, au niseme nilidhani ninachunguza. Niliona kwamba karibu kila ilipozima, mdogo wangu alikuwa anacheza. Flashi za miaka ile zilijaa virusi, kila aliyesoma chuo wakati huo anakumbuka mafaili yaliyopotea na kubaki njia za mkato tupu. Kwangu ushahidi ulikuwa umekamilika. Nikamwambia baba: "Ni yeye na flashi zake."

Baba hakupiga kelele. Alimkataza kuigusa kompyuta, na fedha ya safari ya shule kwenda Bagamoyo akasema itamlipa fundi ikihitajika. Mdogo wangu alijitetea kidogo, kwamba hajafanya kitu, anacheza tu. Baba akamjibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wenzake walikwenda Bagamoyo. Yeye alibaki nyumbani Jumamosi nzima, akifua sare.

Wiki mbili zilizofuata kompyuta haikuzima hata mara moja. Hapo ndipo hukumu yetu ilipopigwa muhuri. Nani angebisha? Mtuhumiwa kaondolewa, tatizo limekoma.

Kisha akaenda Morogoro kwa bibi kwa likizo. Siku ya tatu baada ya kuondoka, nikiwa nimefungua picha nyingi kubwa za ripoti yangu kwa pamoja, skrini ikageuka bluu.

Sikumwambia baba. Nilijiambia kwamba nina ripoti ya kumaliza, kwamba labda ni virusi vile vile alivyoviacha. Ukweli ni kwamba niliona wazi kilichotokea. Mtu niliyemshtaki alikuwa umbali wa kilomita karibu 200, na kompyuta imezima mikononi mwangu. Nilinyamaza siku tano, mpaka ilipokataa kabisa kuwaka.

Tuliipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja mwenye kibanda chembamba kama korido. Nilitaka kumsimulia habari za gemu na flashi. Hakuonyesha kujali nani aliitumia. Aliuliza: inazima ikiwa inafanya nini? Ikiwa imewaka muda gani? Umeme wenu unapanda na kushuka? Mna stebilaiza?

Alichomoa RAM, akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, akairudisha. Bado. Akajaribu kipande kimoja kimoja. Bado. Akaunganisha pawa saplai nyingine. Bado. Nilimuuliza kwa nini asibadilishe vyote kwa mara moja tumalize. Akasema, "Nikibadilisha viwili ikapona, nitajuaje kilichoiponya?"

Kisha akamulika tochi kwenye bodi kuu, karibu na prosesa, akaniita nitazame. Palikuwa na kapasita zimepangwa kwa mstari, vimikebe vidogo vyenye vichwa bapa. Vichwa vya nne havikuwa bapa. Vilikuwa vimevimba, na kimoja kimechuruzika ute wa kahawia uliokauka.

Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme unaoingia kwenye prosesa, usiyumbe. Joto na umri huzichosha. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa nyingi zenye maji mabaya ndani, zikafungwa kwenye bodi za kampuni mbalimbali, na bodi hizo zikafa mapema duniani kote. Kapasita ikichoka, kompyuta inaweza kuhimili kazi nyepesi kama kuandika. Ukiipa kazi nzito inayotaka umeme mwingi, kama gemu, au picha 30 kwa pamoja, inaanguka.

Kwa hiyo nilichokiona kilikuwa kweli. Ilizima wakati anacheza. Na zile wiki mbili za utulivu zilikuwa kweli pia, kwa sababu nilikuwa naandika tu. Kilichokuwa uongo ni hatua niliyopiga kutoka pale. Mdogo wangu alikuwa mahali kosa lilipoonekana, nami nikamfanya mahali lilipotoka.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande wa Sudan ya wakati ule. Anaeleza ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa chini yake kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke saa hii hii, juu ya watu hawa hawa? Jibu lao lilikuwa uchawi. Nilipokisoma chuoni tulicheka kidogo, kama wasomi. Leo naona sisi wa sebuleni tulikuwa nyuma yao. Wao walimtafuta mchawi huku wakimjua mchwa. Sisi tulimpata mchawi kabla hata ya kuinama kutazama nguzo.

Mtu anaweza kusema: lakini wapo watoto wanaomwaga chai kwenye kompyuta kweli. Ni kweli. Kumshuku mtu si dhambi yenyewe. Ninachojiuliza ni mpangilio wa majaribio. Fundi anaanza na lile lisilogharimu na linaloweza kurudishwa: RAM ukiichomoa bure, unairudisha na haina kinyongo. Mtu hachomolewi akarudishwa vile vile. Jaribio la "tumwondoe huyu tuone" ndilo ghali kuliko yote, nasi tulilifanya la kwanza, kwa sababu malipo hayakutoka mfukoni mwetu.

Na lipo jambo zito zaidi. Kukosea kwangu kwa mwanzo naweza kukusamehe. Ushahidi ulielekea huko. Zile siku tano za kunyamaza haziingii humo. Hapo sikuwa mjinga tena. Ujinga una udhuru, lakini udhuru huo unakwisha saa ile ile unapojua.

Fundi aliyeyusha risasi, akatoa kapasita nne, akapachika mpya, akiangalia mstari wa upande hasi ukae panapostahili. Akatutoza shilingi 15,000. Kompyuta iliwaka kwa kubonyeza mara moja, ikaishi miaka mingine mitatu. Mdogo wangu aliporudi, baba alimtuma dukani anunue soda mbili, moja yake. Kwa baba, ile ilikuwa samahani. Mimi sikusema kitu.

Nilimwambia mwaka juzi, sote watu wazima, tukisubiri chakula kwenye msiba wa jirani. Nilimweleza kapasita, picha zangu, siku tano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akasema, "Lakini kaka, gemu ndiyo ilikuwa inaizima kweli. Hata mimi nilikuwa naona."

Nikaanza kumweleza upya, taratibu, toka mwanzo.